Hati ya Wimbo: Maisha ya Gary Barlow wa Take That



Tarehe 7 Machi 2009, watu tisa wenye majina makubwa katika redio na televisheni za Uingereza walifika kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Walipanda ili kuchangisha fedha za kupambana na malaria kupitia shirika la hisani la Comic Relief, na zaidi ya pauni milioni 3 zilipatikana. Mimi ni mzaliwa wa Moshi. Kwetu mgeni akishuka mlimani huulizwa kwanza kama alifika, kisha huulizwa wagumu wake, yaani wapagazi, walikuwa akina nani, maana kila mtu anajua kwamba hakuna anayefika kule bila mgongo wa mwenzake. Mwaka ule nililiuliza swali jingine: huyu aliyewakusanya wenzake hadi wakaja ni nani? Nikaambiwa ni Gary Barlow, mwimbaji wa kundi la wavulana liitwalo Take That.

Jina nililifahamu. Wimbo wake mmoja ulikuwa ukipigwa redioni tangu 1995, na mimi niliamini mwenyewe alishapotea siku nyingi, kama walivyopotea wengi wa aina yake. Nilipoanza kuzifuatilia habari zake nikakuta kweli alipotea, tena alipotea vibaya, halafu akarudi. Namna alivyopotea na namna alivyorudi ndiyo iliyonileta mbele yenu jioni hii. Kwa sababu ukiitazama kwa makini utaona kwamba mara zote mbili jambo lilikuwa lile lile: hati ya wimbo iko mkononi mwa nani.

Kwanza tukubaliane kundi la wavulana ni kitu gani. Bendi zetu za dansi zilianza na ala. Mtu alikuwa na gitaa, akamtafuta wa besi, wakamtafuta wa tumba, mwimbaji akaja na daftari lake la nyimbo. Kundi la wavulana huanzia kwa meneja. Yeye hukaa ofisini akapanga: nataka mmoja mpole, mmoja mtukutu, mmoja mwenye misuli, mmoja mwenye macho ya huruma. Anawatangazia, wanakuja, anawachagua. Ala si lazima wazijue. Lazima wajue kucheza, kupatanisha sauti na kupendeza kwenye picha. Wanunuzi wao wakubwa ni wasichana wa shule, na hapo ndipo penye mtihani, kwa kuwa msichana wa miaka 13 atakuwa na miaka 18 kabla hujageuka, na siku hiyo picha ya ukutani itabanduliwa. Kundi la namna hii huzaliwa na tarehe ya kufa mfukoni.

Msidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Nyinyi hapa mnaikumbuka Yamoto Band ya Temeke, vijana wanne waliolelewa na Said Fella katika kituo cha Mkubwa na Wanawe: Aslay, Mbosso, Beka Flavour na Enock Bella. Mliwapenda, wakatengana, kila mmoja akashika njia yake. Nani kati yao alitoka na nyimbo zake, na nani alitoka na sauti tu, ni swali ambalo nawaachia mlitafute wenyewe, kwa sababu wahusika wako hai na wanaweza kuulizwa.

Barlow alizaliwa tarehe 20 Januari 1971 katika mji mdogo wa Frodsham, jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Akiwa na miaka kama 10 aliliona kundi la Depeche Mode kwenye televisheni, wanamuziki wale wakiwa wamesimama nyuma ya vinanda vya umeme, na tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine. Wazazi wakamnunulia kinanda. Hakikupita kipindi kirefu mtoto akawa anapigia watu wazima kwenye kilabu za wafanyakazi, kwanza Connah's Quay, ng'ambo ya mpaka wa Wales, halafu Halton, karibu na Runcorn.

Naomba tutulie kidogo kwenye kilabu hizi, maana wasifu mwingi wa Barlow huzipita mbio, na mimi naona ndipo alipopikwa. Kilabu ya wafanyakazi ni ukumbi ambao watu wa viwandani huja mwisho wa wiki, wanakunywa bia, wanacheza bingo, wanasikiliza muziki. Wanakuja waimbaji wa kila aina, mzee mwenye nyimbo za vita, mama mwenye nyimbo za mapenzi, mchekeshaji anayetaka mdundo kidogo kati ya vichekesho vyake. Mpiga kinanda hachagui. Mwimbaji anafika dakika kumi kabla ya kupanda jukwaani, anataja wimbo na ufunguo wa sauti yake, na wewe unapiga. Ukikosea, ukumbi mzima unajua. Wazee wetu waliopiga kwenye hoteli za Mombasa na Dar es Salaam wanaijua shule hiyo. Wao waliiita kupiga kopi. Watu wengine huidharau kopi. Lakini mtoto aliyepiga nyimbo mia tano za wenzake, usiku baada ya usiku, mikono yake inajua kabla ya kichwa kwamba wimbo huu unafika kwenye kiitikio mapema, ule unachelewesha, huu mwingine unawatoa watu machozi kwa sababu ya korodi moja isiyotarajiwa. Gary Barlow alijifunza utunzi kwa vidole.

Akiwa na miaka 15 alitunga wimbo uitwao "A Million Love Songs". Mwaka 1986 alipeleka wimbo mwingine kwenye shindano la nyimbo za Krismasi la BBC, ukafika nusu fainali. Kwa hiyo mwaka 1990, alipofika Manchester mbele ya meneja aitwaye Nigel Martin-Smith, hakwenda na sura peke yake. Alikwenda na kanda.

Martin-Smith alikuwa ameiona New Kids on the Block, wavulana watano wa Boston waliokuwa wakiitikisa Marekani, akataka kundi la namna hiyo la Waingereza. Akawakusanya watano. Howard Donald alikuwa akipaka rangi magari, Jason Orange akipaka rangi nyumba. Wote wawili walikuwa mabingwa wa kucheza. Mark Owen alikuwa akifanya kazi benki. Robbie Williams, kutoka Stoke-on-Trent, alikuwa na miaka 16 na ndiye mdogo kuliko wote. Na Barlow, ambaye hakuwa mchezaji hodari, aliwekwa katikati kwa sababu nyimbo zilikuwa zake. Meneja alilijenga kundi lote kuizunguka ile kanda. Hapo pakawa na neema ya kundi, na sumu yake pia.

Hawakupaa siku ya kwanza. Usiku waliimba kwenye klabu, mchana kwenye shule. Wimbo wao wa kwanza, mwaka 1991, uliishia nafasi ya 82 kwenye chati ya Uingereza. Mbili zilizofuata hazikufika mbali. Wimbo uliowainua, mwaka 1992, ulikuwa kopi: "It Only Takes a Minute", wa kundi la Kimarekani la Tavares, ukafika nafasi ya 7. Miezi michache baadaye wakatoa ule wimbo wa mtoto wa miaka 15, "A Million Love Songs", nao ukafika nafasi ya 7. Julai 1993 "Pray", uliotungwa na Barlow, ukashika nafasi ya kwanza na kumpatia tuzo ya Ivor Novello, ambayo Uingereza huwapa watunzi, si waimbaji. Kufikia mwisho wa safari yao ya kwanza walikuwa na nyimbo nane zilizoshika namba moja.

Wimbo nilioutaja mwanzo, uliokuwa ukipigwa kwenye redio zetu, ni "Back for Good" wa mwaka 1995. Nimeufundisha darasani mara nyingi. Barlow amesema aliuandika kwa muda wa kama robo saa. Korodi zake ni chache na zinajirudia. Mwanafunzi wa miezi mitatu anaweza kuzishika. Mwimbaji anaanza chini, karibu na sauti ya mazungumzo, kama mwanamume anayebisha hodi hali anajua hatakaribishwa. Hapandi haraka. Wenzake wanamjibu kwa nyuma kwa vipande vifupi, na hapo ndipo mtu wa kwetu anapoukubali, kwa sababu mpangilio huo tunaujua tangu ngomani na kwenye taarabu: mmoja anatoa, wengine wanaitikia. Kiitikio kinapofika hakikuvamii. Kinakuja kama pumzi uliyokuwa umeizuia. Wimbo huo uliongoza chati katika nchi 31, na hata Marekani, ambako Take That hawakuwa wakijulikana, ulifika nafasi ya 7. Nasema bila kusita kwamba ni wimbo uliokamilika. Wanaoudharau kwa kuwa uliimbwa na wavulana wazuri wa sura hawajausikiliza.

Sasa twende kwenye sumu.

Wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake, na vijana wengi wanaijua moja tu. Ipo mali ya kurekodi, yaani sauti iliyonaswa studio. Hiyo hulipwa kwa mkataba, na mara nyingi kampuni hukata kwanza gharama zake zote. Halafu ipo mali ya utunzi, yaani maneno na tuni yenyewe. Hiyo ni ya aliyeutunga. Wimbo ukipigwa redioni, ukipigwa ukumbini, ukiimbwa na mtu mwingine, ukitumiwa kwenye filamu, mtunzi ana haki ya mirabaha. Katika Take That ya miaka ya 90, vijana watano walipanda jukwaa moja, walitoka jasho moja, wasichana waliwalilia sawasawa, lakini hati ya nyimbo nyingi ilikuwa ya mmoja. Miaka ikazidi kwenda na pengo likazidi kupanuka. Na si fedha peke yake. Aliyekuwa na wimbo ndiye aliyeamua nani aimbe mstari gani, na wenzake wakawa waitikiaji kwenye maisha yao wenyewe.

Robbie Williams hakuvumilia. Julai 1995 aliondoka. Tarehe 13 Februari 1996, siku aliyotimiza miaka 22, wanne waliobaki walikaa mbele ya waandishi wa habari wakatangaza kwamba kundi limekwisha. Uingereza ilibidi zifunguliwe simu maalumu za ushauri kwa wasichana waliokuwa wakilia. Wapo waliowacheka. Mimi siwacheki, wala nisingependa mwanamuziki yeyote wa chumba hiki awacheke. Kama watu hawatalia kazi yako ikifa, uliifanya ya nini?

Kila mtu alitabiri kwamba Barlow ndiye atakayesimama peke yake. Wimbo wake wa kwanza bila kundi, "Forever Love", wa Julai 1996, ulishika namba moja. Kisha wakubwa wa kampuni za kurekodi wakaanza kumtengeneza kwa ajili ya soko la Marekani. Wakampa nyimbo za watu wengine. "Love Won't Wait", uliotungwa na Madonna pamoja na Shep Pettibone, ulimpa namba moja ya pili; akapewa na wimbo wa kantri uliokwisha kuimbwa na Mmarekani. Mtu ambaye nguvu yake yote ilikuwa katika kutunga akageuzwa kuwa koo la kuazima. Albamu ya "Open Road" ilifika namba moja mwaka 1997, lakini mwisho wa mwaka huo huo Robbie Williams, ambaye ndani ya kundi hakuhesabiwa kuwa mtunzi, alitoa "Angels" aliouandika pamoja na Guy Chambers, na nchi nzima ikamgeukia. Albamu ya pili ya Barlow, mwaka 1999, iliishia nafasi ya 35. Kampuni ikamwacha. Alikuwa na miaka 28.

Yaliyofuata ameyaeleza mwenyewe katika vitabu vyake. Alijifungia nyumbani. Alikula kwa huzuni, akavuka kilo 100, na kwa muda mrefu hakutaka hata kukigusa kinanda. Agosti 2003 Robbie aliimba siku tatu mfululizo katika viwanja vya Knebworth mbele ya jumla ya watu 375,000. Barlow wakati huo alikuwa ni jina la kutaniwa kwenye vipindi vya televisheni.

Lakini hati ilikuwepo. Polepole alirudi kwenye kinanda akaanza kuwatungia wengine, akishirikiana na Eliot Kennedy na Tim Woodcock. "Guilty", wa kundi la Blue, umo mkono wake. Blue nao walikuwa kundi la wavulana, kizazi kilichofuata. "Not Me, Not I" wa Delta Goodrem, aliochangia kuutunga, ulishika namba moja Australia. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyempigia makofi, lakini alikuwa akila kwa kazi yake na, la maana zaidi, mikono ilikuwa ikikumbuka. Sauti ikikataliwa na soko, mwenye sauti tu hana pa kwenda. Mtunzi anaweza kukaa kwenye chumba kisicho na dirisha akaendelea kuwa mwanamuziki.

Hapa lazima niseme neno jingine ili nisiwadanganye. Hati haitibu kila kitu. Mwaka 2010, katika kipindi cha mashindano cha The X Factor, liliundwa kundi la One Direction. Liam Payne alikuwa mmoja wao, mtoto wa Wolverhampton, miaka 16. Yeye na mwenzake Louis Tomlinson walitunga nyimbo nyingi za kundi hilo. Hati walikuwa nazo. Tarehe 16 Oktoba 2024 Liam alianguka kutoka roshani ya hoteli huko Buenos Aires akafa, akiwa na miaka 31. Alikuwa amewahi kueleza hadharani upweke wa kutoka jukwaani mbele ya maelfu ya watu na kufungiwa hotelini peke yake, na ulevi uliofuatia. Wazazi mliomo humu, mtoto wa miaka 16 akija nyumbani na mkataba, msiangalie kiasi cha fedha tu. Ulizeni atalala wapi, na nani, na siku akichoka atamwambia nani. Ulizeni kwa sauti, hata kama meneja atakunja uso.

Nirudi kwa Barlow. Novemba 2005 televisheni ya ITV ilirusha filamu ya kumbukumbu kuhusu Take That. Watazamaji walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na katika siku chache wanne wale wakatangaza ziara ya 2006 bila Robbie. Tiketi zikaisha. Wangeweza kuishia pale, kupiga nyimbo za zamani na kurudi makwao na fedha. Wengi hufanya hivyo, wala si dhambi.

Wao waliketi kuandika albamu mpya, na kabla ya kuandika wakakubaliana jambo moja: nyimbo zote zitaandikwa kwa majina ya wote wanne. Mtu aliyewahi kumiliki karibu kila kitu alikubali kumega. Fikirieni ugumu wa jambo hilo kwa mtu ambaye hati zile ndizo zilizomlisha alipokuwa ametupwa. Howard na Jason, ambao miaka ya 90 walikuwa wachezaji, wakaingia kwenye daftari la watunzi. Albamu ikaitwa "Beautiful World". Wimbo wa kwanza, "Patience", ukashika namba moja mwaka 2006. Wa pili, "Shine", nao ukashika namba moja, na aliyeongoza kuuimba alikuwa Mark Owen, yule kijana wa benki. Huo ndio ushahidi ninaoutegemea. Kundi lile lile, watu wale wale wakiwa na miaka zaidi ya 30, wasichana wao wa zamani sasa ni mama wa watoto; kilichobadilika ni nani anamiliki wimbo. Mwaka 2010 Robbie alirudi, na mwaka huo huo yeye na Barlow walitoa wimbo wa kusameheana walioutunga wawili, "Shame". Albamu ya watano, "Progress", iliuza nakala 235,000 siku ya kwanza na zaidi ya 518,000 wiki ya kwanza. Mwaka uliofuata waliujaza uwanja wa Wembley mara nane.

Mwaka 2012 njia yake ilipita tena Afrika Mashariki. Malkia Elizabeth alikuwa akitimiza miaka 60 ya kutawala, na kama mnavyojua, habari za kifo cha baba yake zilimkuta Kenya, Februari 1952. Barlow aliombwa kutunga wimbo wa sherehe, akautunga na Andrew Lloyd Webber, kisha akasafiri nchi za Jumuiya ya Madola kukusanya sauti. Kenya aliwarekodi watoto wa African Children's Choir na vijana wa Slum Drummers, ambao ngoma zao ni vyuma chakavu na mapipa. Wimbo huo, "Sing", uliimbwa mbele ya kasri la Buckingham tarehe 4 Juni 2012 na ukashika namba moja Uingereza. Ukiusikiliza, uhai wake wote uko katika sauti za watoto na milio ile ya vyuma. Watunzi walioandikwa ni wawili. Sisemi kwamba kuna aliyeibiwa. Wapigaji walipiga, watunzi walitunga. Nasema tuliangalie jambo hilo kwa macho makavu: dunia inaijia midundo yetu, na sisi tunafika studio tukiwa na midundo peke yake.

Agosti ya mwaka huo huo, yeye na mkewe Dawn, ambaye zamani alikuwa mchezaji katika ziara za kundi, walimpoteza mtoto wao wa kike, Poppy, aliyezaliwa akiwa amekwisha kufa. Siku chache baadaye, tarehe 12 Agosti, Barlow alisimama na wenzake kwenye sherehe za kufunga Olimpiki ya London akaimba "Rule the World". Nimeiangalia picha ile mara nyingi. Hakuna ishara yoyote anayoitoa kwa watu. Anaimba sawasawa, noti kwa noti, mpaka mwisho. Wako watu humu ambao wameimba kanisani au kwenye harusi wakiwa na msiba nyumbani, nao wataelewa.

Sitaficha doa lake pia. Mei 2014 mahakama ya kodi ya Uingereza iliamua kwamba mpango wa uwekezaji ambamo yeye, wenzake wawili wa kundi na mamia ya wengine waliweka fedha zao ulikuwa wa kujipatia nafuu ya kodi isiyostahili. Septemba aliomba radhi hadharani. Kwangu mimi hilo lilikuwa kosa lenye uzito, kwa sababu kodi ndiyo dawa ya hospitali, na mtu aliyepanda mlima wetu kutafuta fedha za malaria alipaswa kulijua hilo kuliko wengine. Radhi yake naipokea. Kosa halifutiki kwenye wasifu.

Septemba hiyo hiyo Jason Orange aliaga kundi kwa utulivu, bila kugombana na mtu. Robbie alikuwa amekwisha kurudi kwenye kazi zake. Wakabaki watatu, Gary, Mark na Howard, na wimbo wao wa kwanza wakiwa watatu, "These Days", ukashika namba moja. Mwaka 2023 walitoa albamu ya "This Life", nayo ikaongoza chati. Barlow alikuwa na miaka 52. Kundi lililozaliwa na tarehe ya kufa mfukoni lilikuwa limetimiza miaka 33 tangu kuundwa.

Vijana, nimeona humu makundi matatu yaliyokuja pamoja, mmekaa safu moja, mmevaa fulana za rangi moja. Najua mtakapotoka hapa mtakwenda studio za Sinza, Kinondoni, Temeke. Prodyuza atawapigia biti, mmoja wenu atatoa tuni, mwingine atatoa mstari wa kiitikio akiwa amelala kwenye kochi, wa tatu atasahihisha neno moja ambalo ndilo litakalopendwa. Usiku ule ule, kabla ya mtu yeyote kwenda kulala, kaeni chini muandike nani katoa nini na kila mmoja ana fungu gani, prodyuza naye akiwemo. Wote msaini. Asubuhi mmoja wenu aipeleke kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ikasajiliwe kwa majina yenu yote. Msisubiri wimbo upendwe, maana wimbo ukishapendwa kila mtu atakumbuka kwamba ni wake.

Nimekuja na karatasi na kalamu, ziko pale mezani karibu na mlango. Makundi matatu niliyoyataja, naomba mnisubiri baada ya maswali. Tutaanza na wimbo mmoja wa kila kundi.